Re: Nitoe sailensa ya Subaru Impreza nifunge bomba la inchi 3?

Mkuu, kwa cc 1500 isiyo na turbo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini), inchi 3 utapata kelele tu. Moshi ukipita kwenye bomba pana kuliko inavyohitajika unapoteza mwendo, na gari linakuwa zito kuondoka. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi; injini bila turbo tayari imepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Usiipunguzie tena.

Ule mngurumo wa Subaru unatokana na manifodi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) yenye mabomba ya urefu usiolingana, siyo sailensa. Acha ya mbele, badilisha ya nyuma tu, bomba libaki kipenyo kilekile au lizidi kidogo sana.

Masega (kile kisafisha moshi, catalytic converter) usiyaguse, hata fundi akikuambia atayanunua (unadhani kwa nini anayataka?). Na welding iwe safi: ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi), kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Utalia sheli.

Kabla ya kulipa, lijaribu barabara ya Morogoro kwenye spidi 80 hadi 100. Mvumo wa ndani ukikuchosha kabla ya Kongwa, rudisha ya zamani.