Kijana wangu, usikubali kuishi kwa kopi

Kijana mmoja mwenye bendi kaniandikia: "Shikamoo mzee. Tunatunga nyimbo zetu, lakini wenye baa wanataka kopi, yaani nyimbo za wengine. Tukubali?"

Marahaba. Moja mbili za kuchangamsha ukumbi, sawa. Kuishi kwa kopi, hapana.

Tazama bendi ya Msondo. Ilizaliwa 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina na bendi ikabadili: JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma ya leo. Mwaka 1978 mwimbaji wake Muhidin Gurumo alihamia bendi ya Mlimani Park, hao Sikinde. 1985 akaenda bendi ya Safari Sound, baadaye akarejea Msondo. TX Moshi William, mwimbaji mwingine wa Msondo, alifariki 2006, Gurumo 2014. Bendi ikaendelea kupiga. Ilikuwa na mtindo wake, huo msondo, na mashabiki waliufuata mtindo hata sauti zilipobadilika. Halafu vyombo vilikuwa vya chama. Mwimbaji akihama, gitaa na spika zinabaki.

Sisi, bendi yangu mimi, hatukuwa na chama. Vyombo tulichangishana, na mimi ndiye niliyetoa zaidi, kwa hiyo naongea nikijua uchungu wake. Mwenye baa mmoja alitwambia wateja wake hawakuja pale kujifunza nyimbo mpya. Tukapiga zetu. Akapunguza malipo, tukapiga zetu. Siku moja ile chemko, sehemu ya wimbo ya kuchezeka, ikakolea, mpiga tumba kafumba macho, akina mama wa meza ya nyuma wakaanza kuitikia kiitikio kabla yetu. Wimbo wangu huo! Niliuandika nyuma ya risiti ya mchele, habari za shangazi aliyedhulumiwa kiwanja.

Tukaanza kupata jina, na jina likaleta wanyakuzi. Mwimbaji wetu akaahidiwa pikipiki. Ijumaa akaaga anaumwa, Jumamosi yuko kwenye steji ya wenzetu anaimba shangazi yangu, tena anasema katunga yeye. Sina kinyongo. Ila pikipiki yenyewe sijaiona mpaka leo.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaotaka bendi ya kudumu. Tungeni. Andikisheni nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hamjazipeleka ukumbini. Mimi niliandikisha baada ya kuimbiwa. Vyombo viwe vya bendi, kwa maandishi, siyo vya fulani. Fundisheni waimbaji wawili kila wimbo. Na tungeni, nasema tena, maana vijana wa siku hizi mnataka kujulikana kabla hamjawa na hata nyimbo tatu zenu. Mazoezi hamji, mkija mko kwenye simu. Gurumo na wenzake walikuwa wakiingia Radio Tanzania kurekodi, bendi nzima inapiga kwa pamoja. Ukikosea wewe, mnarudia wote. Hapo hufiki bila mazoezi.

Huyo mwenye baa mwambieni mtampigia kopi mbili mwanzoni, watu wakiwa bado wanaagiza nyama. Saa nne usiku ni zenu. Akikataa, tafuteni ukumbi mwingine, na malipo ya nusu mchukue kabla hamjapanga vyombo jukwaani.