Duel kwa Kiswahili tuandikeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Nyegezi, natafsiri makala ya historia ya Marekani nimekwama kwenye neno duel. Niliweka "ugomvi" mwalimu akakata, nikaweka "vita" nayo akakata. Halafu ni kweli linatokana na namba mbili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hapo mwalimu hajakuonea. Ugomvi ni ule wa pale Mwaloni, wauza dagaa wawili wamepishana kwenye bei, maneno yamewaka, wanazichapa kavukavu, watu wanaamulia, imeisha. Dueli haiko hivyo. Mtu ametukanwa, anamtumia mwenzake ujumbe kwamba anataka wapambane, mwenzake anakubali, wanapanga siku na mahali na silaha, kila mmoja anakuja na mtu wake wa kusimamia utaratibu usivunjwe, na yote hiyo wanagombania heshima, siyo pesa wala shamba. Hao wasimamizi mimi naandika wapambe, neno tunalo tayari, usije ukaandika "wa pili" eti kwa sababu Kiingereza kinawaita hivyo.

Chukua ile ya Alexander Hamilton na Aaron Burr, wanasiasa wa Marekani, 11 Julai 1804, kule Weehawken, New Jersey. Burr alikuwa Makamu wa Rais yuko madarakani kabisa, kisa chenyewe maneno mabaya aliyosikia Hamilton kamsema, barua zikaenda zikarudi mwezi Juni, ndo wakavuka mto Hudson na bastola zao, Hamilton akapigwa risasi akafa kesho yake. Sasa ukiandika "waligombana" msomaji anaona watu wamekunjana mashati tu, zile barua na wapambe na kuvuka mto vyote vimepotea, na hivyo ndo vinaifanya iwe dueli!

Mimi ningeandika "pambano la wawili la kulinda heshima", mara ya kwanza kwa urefu wake hivyohivyo, huko mbele unabaki na "pambano" maana msomaji ameshakuelewa. Ukianza na "pambano" peke yake atawaza ndondi au mechi ya CCM Kirumba. "Ana kwa ana" nayo haitoshi, hata usaili wa kazi unafanyiwa ana kwa ana. Na tafadhali usiandike "alimpa changamoto", changamoto siku hizi ni maji hayatoki au barabara mbovu, sema alimwita wapambane.

Kuhusu namba mbili, hapana. Asili ni Kilatini duellum, umbo la kale la bellum, yaani vita, hata ya majeshi. Zama za Kati watu wakaliona linafanana na duo, mbili, wakalibana kwenye vita ya watu wawili, maana ikaganda hapo. Lakini siyo kila penye pande mbili pana dueli, Bagika na Bagalu, wale wacheza ngoma wa Kisukuma, wakichuana Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo hilo ni shindano, ni vikundi na wanagombania watazamaji. Na spelingi uwe nayo makini, dual yenye a ni kitu cha sehemu mbili, kama simu ya laini mbili, hiyo ndo inatoka kwenye duo kweli.