Maswali Yenu: Mawe, Almasi na Vumbi la Maabara ya Meno

Shikamoo fundi. Nikisaga pleti ya akriliki (kile kitako cha plastiki kinachoshika meno bandia), jiwe la kusagia linaziba na kazi inanuka kuungua. Je, jiwe ni bovu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Jiwe ni zima, ila umelipatia kazi isiyo yake. Akriliki hulainika kwa joto, kisha hujipaka kwenye jiwe mpaka vitundu vyake vijae. Hapo jiwe halikati tena, linasugua tu, na joto linazidi. Anza na kikata cha tungsteni kabaidi chenye meno yaliyopishana, uguse kwa wepesi huku ukihamahama. Ukisikia harufu, simama. Pleti iliyopata joto hupinda, na utakuja kulijua hilo siku mgonjwa anapoivaa ikakataa kukaa.

Kaure ninayopaka juu ya chuma cha taji la jino inatoa vipovu kila nikiichoma. Nimebadilisha unga, nimebadilisha joto la tanuri, wapi! (Fundi, Mombasa)

Kaka, kabla hujanunua unga mwingine, niambie: chuma cha chini ulikisaga kwa jiwe gani, na jiwe hilo jana lilisaga nini? Chembe za aloi moja (mchanganyiko wa metali) hunasa kwenye jiwe na kuhamia kwenye aloi nyingine. Uchafu huo ukifunikwa kwa kaure, tanurini hutoa gesi, na gesi haina pa kupitia ila kwenye kaure yako. Ndiyo maana kila aloi iwe na mawe yake, katika kikopo chake chenye jina.

Jambo la pili wengi hawafundishwi: saga kwa kuelekea upande mmoja tu. Ukienda mbele na kurudi nyuma, hasa kwenye aloi laini zenye dhahabu, chuma hujikunja kama pindo la shuka na kufungia hewa na vumbi ndani. Kwa macho uso unaonekana safi kabisa. Nimeona mafundi hodari wakirudia taji moja mara tatu kwa sababu ya kosa hili, na inaniuma, maana dawa yake haina gharama.

Nimeagiza almasi, vile vikata vya kusagia vyenye chembe za almasi, haziingii kwenye mashine yangu. (Arusha)

Bila shaka shina lake ni la milimita 1.6, la tabini, mashine ya daktari ya kuchonga meno kinywani. Mashine ya mkono ya maabara hushika 2.35. Na ile namba ya mwisho kwenye pakiti, tuseme 023, ni upana wa kichwa: milimita 2.3. Soma pia kikomo cha mizunguko. Gurudumu la milimita 22 likizunguka mara 20,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Likipasuka, huna muda wa kukwepa. Shina lililopinda litupe, usilinyooshe.

Barakoa ya kitambaa inatosha? (Dada anayeanza kazi, Kisumu)

Haitoshi, mdogo wangu, na nashukuru umeuliza mapema. Vumbi la plasta ya kumwagia chuma lina silika, na lile la aloi ya kobalti-kromu nalo huingia ndani kabisa ya mapafu. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, imewapata mafundi meno, na mapafu yakishakakamaa hayarudi. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, na miwani, na kifyonza vumbi kiwe karibu kabisa na mkono unaosaga, kabla vumbi halijakufikia usoni. Ukimaliza usifagie pakavu: futa meza kwa kitambaa chenye maji, na koti livue hapohapo maabara kabla hujaenda nyumbani kumbeba mtoto.