Kiharusi kilichoanzia kwenye mshipa wa moyo

Pole sana, dada. Unasema mdogo wako wa miaka 38, mzima kabisa, alianguka shambani Tukuyu, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, na sasa daktari hapo Mbeya anasema mshipa wa moyo umechanika. Unauliza vinahusianaje.

Vinahusiana. Ukuta wa mshipa unaolisha moyo ukichanika kwa ndani, damu hupenya katikati ya tabaka zake na kuubana. Msuli wa moyo hukosa damu, unadhoofika, na damu inayotuama kwenye chemba ya kushoto huganda. Kipande kikimeguka, hupanda hadi kwenye ubongo. Wengi wanaopatwa na mpasuko huu ni wanawake, mara nyingi hawana hata presha wala kisukari, wengine wametoka kujifungua. Ndiyo maana, kwa mgonjwa wa kiharusi, moyo haupaswi kusahauliwa.

Kwa hiyo msiwaone madaktari wanababaisha. Aliyempima moyo mgonjwa wa kiharusi amefanya kazi nzuri mno. Waulizeni kama eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, imeonyesha bonge la damu, na kama mishipa ya shingo imepigwa picha, kwani nayo huweza kuchanika. Wakimpa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, nendeni. Asipozibuliwa mshipa msishtuke: mara nyingi mpasuko hupona wenyewe, akiwa chini ya uangalizi. Akipewa dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache wala asichanganye na mitishamba bila kumwambia daktari. Na kifua kikimbana, hata usiku wa manane, mkimbizeni hospitali.