Uchafu unarudi kila nikimaliza dawa: kwangu ilikuwa hivi

Dada uliyeuliza kwa nini uchafu ukeni unarudi ilhali umemeza dawa mara tatu na bwana hana dalili yoyote, nimejionea mwenyewe, miaka ile niko Lamu, mke mpya.

Ulianza uchafu wa manjano na maumivu chini ya kitovu. Lamu unaijua: ukiingia kliniki asubuhi, adhuhuri mawifi wana habari. Nikavaa ninja, nikaenda duka la dawa, nikapewa Flagyl. Ukapungua, ukarudi. Nikapewa tena. Shoga yangu naye akaniletea shabu nijioshe ndani, nikazidi kujiharibia, kwani kuosha ndani huua bakteria wanaolinda uke.

Nilipopimwa sawasawa ikawa klamidia, ugonjwa wa zinaa. Flagyl haitibu klamidia hata umeze kopo zima. Nikaandikiwa doxycycline, asubuhi na jioni, siku 7. (Ukiwa na mimba sema mapema, kuna dawa nyingine.) Muuguzi akauliza, "Na bwana je?" Nikasema mzima. Akacheka. Klamidia hukaa kwa mtu kimya, mwanamume kwa mwanamke. Kumbe kila nikipona nilikuwa narudishiwa.

Kumwambia ndiyo kazi. Nilingoja arudi bahari, ale, anywe kahawa yake. Sikumwambia "umeniletea", maana hata sikujua nani kampa nani. Nilisema, "Tumeze sote pamoja, la sivyo mtoto tusahau." Alinuna siku mbili, siku ya tatu akaenda. Tukalala mbalimbali mpaka sote tumemaliza dozi.

Uchafu ukakoma, ila mimba haikuja. Nikaenda Mombasa kupigwa picha ya mirija ya uzazi: wa kushoto umeziba. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda wakati mimi narudia vidonge visivyofaa. Wa kulia ndio ulionipa binti yangu, na nilionywa niwahi hospitali mara tu siku zikipita, kwani mrija wenye kovu huweza kushika mimba nje ya kizazi.

Yako huenda si klamidia. Fangasi hutoa uchafu, na si ugonjwa wa zinaa kabisa. Ndiyo maana nasema upimwe, usibahatishe, na uombe kipimo cha kaswende na HIV siku hiyohiyo.

Ukiona haya hapo mtaani, vuka kwa boti hadi Mokowe, bara, upande gari la Mpeketoni. Mimi nilipimwa huko. Nyumbani niliaga naenda kununua maembe, na ilibidi nirudi nayo kweli, kapu zima.