Zana za Seremala Ukutani: Maswali na Majibu ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Fundi, patasi, misumeno, randa na guni zangu zote zinakaa ndani ya sanduku moja. Nikitaka patasi nyembamba ni lazima nitoe vitu vingine vyote kwanza, na makali yameanza kupata mapengo kwa kugongana. Nimeamua kuzitundika ukutani juu ya meza ya kazi, lakini sina mashine yoyote isipokuwa drili ndogo. Nianzie wapi, na je, nichonge nafasi maalumu kwa kila zana?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine: usichonge nafasi maalumu kwa kila zana, angalau kwa sasa. Wapo waliofanya hivyo wakastaajabisha watu. Henry Studley, fundi wa piano wa Massachusetts nchini Marekani aliyefariki mwaka 1925, aliacha kabati la kutundikwa ukutani lenye zana zaidi ya 200 zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa katika sehemu iliyochongwa kwa kipimo chake. Inapendeza mno kuitazama, lakini ni kazi ya mtu aliyekuwa amekwisha kuzijua zana zake zote. Wewe bado unanunua, na patasi utakayoipata mwakani haitakuwa na pa kukaa katika ubao uliochongewa zile za leo.

Kwa hiyo, funga kwanza plaiwudi ya milimita 18 ukutani, kisha kila kishikizo kifungwe kwa skurubu juu ya plaiwudi hiyo, mahali popote unapopataka, na kihamishwe utakapobadili mawazo. Mafundi wengine hupasua mbao kwa pembe ya digrii 45, nusu moja ikafungwa ukutani na nyingine nyuma ya kishikizo, ili vishikizo vining'inie na kuondolewa bila kufungua kitu. Njia hiyo ni nzuri, ila kupasua pembe hiyo kwa msumeno wa mkono katika ubao mrefu ni kazi ya kuchosha, nami sioni sababu ya kukutwisha mzigo huo mapema.

Kishikizo cha kwanza kiwe cha patasi, na kiwe chenye mwanya mmoja mrefu badala ya msururu wa matundu. Chukua mbao mbili nyembamba zenye unene wa milimita 20 hivi na urefu sawa. Ya nyuma iwe na upana wa milimita 70 na ya mbele milimita 40. Katikati yake weka vipande vidogo vya mbao vyenye unene wa milimita 12 au 13, kimoja kila baada ya sentimita 15, ili ubao wa mbele usipinde. Mwanya unaobaki hupitisha bapa la patasi ya kawaida na kuuzuia mpini, kwa hiyo patasi hukaa wima kwa uzito wake yenyewe. Mwanya huohuo hupokea bisbisi, bikari, tupa yenye mpini, hata guni, ambayo ulimi wake hupita chini na kitako chake cha mbao kikabaki juu. Kabla ya kukata vipande vya katikati, pima patasi yako nene kuliko zote, hasa kama unayo ile ya kuchimbia matundu ya viungo, kwa maana bapa lake huweza kukataa kupita. Toboa matundu ya skurubu kabla ya kuzikaza ili mbao zisipasuke, na usitie gundi, kwani huenda siku moja ukahitaji kuongeza au kupunguza mwanya.

Kuna jambo moja dogo ambalo wengi hulipuuza. Ukingo wa juu wa mwanya ukiachwa mkali hula pete ya mpini na kuifanya patasi iegemee upande, kwa hiyo upitishe msasa mpaka uwe na mviringo mdogo. Panga patasi kuanzia nyembamba hadi pana, ukiacha sentimita 4 au 5 kati ya mpini na mpini, ili vidole viupate mmoja bila kugusa jirani yake. Makali yataonekana chini ya kishikizo, na mimi napenda yaonekane, kwa sababu unaichagua patasi kwa kuutazama upana wake. Ikiwa watoto huingia katika karakana yako, hapo sibishani: funga ubao mwembamba mbele ya makali, au jenga kabati lenye mlango na kufuli.

Kuhusu kimo, simama mbele ya meza, nyoosha mkono bila kuinama, na uweke alama mahali vidole vinapofika. Zana za kila saa zikae kati ya alama hiyo na usawa wa macho. Acha nafasi ya kutosha juu ya meza, ili ubao unaousimamisha kwa kazi usigonge ncha za patasi.

Misumeno itundikwe kwa mpini: chonga kipande cha mbao kinachopita katika tundu la mpini, kisha mbele yake weka kipande kidogo kinachozunguka juu ya skurubu moja ili kuuzuia msumeno usichomoke. Meno yatazame upande ambao mkono haupiti.

Randa ndizo nzito, kwani randa ya chuma ya namba 4, ile ya kawaida ya kulainishia, hukaribia kilo 2, kwa hiyo ziwe chini kuliko zana nyingine. Zitengenezee ubao ulioegemea nyuma kidogo, wenye kizuizi chini, na ugongomee kipande chembamba pale pua ya randa inapolala, ili wembe uelee bila kugusa mbao.

SWALI: Nilifunga ubao wa zana kwenye ukuta wa matofali kwa misumari ya zege. Baada ya muda ukang'oka pamoja na kipande cha lipu. Kosa liko wapi?

JIBU: Liko kwenye msumari, na zaidi kwenye lipu. Lipu ni ngozi tu ya ukuta, haikukusudiwa kubeba mzigo, na kila pigo la nyundo huitia ufa usioonekana. Toboa kwa drili yenye kekee ya ukuta, tia plagi ya plastiki, kisha kaza skurubu. Hesabu ya urefu ni nyepesi: ubao wa milimita 18, lipu ya milimita 15, na angalau milimita 40 ndani ya tofali lenyewe, jumla ikaribie milimita 75. Plagi isukumwe ndani mpaka ivuke lipu, la sivyo itakuwa inatanuka mahali pasipo na nguvu. Ongeza skurubu katika safu ya juu, kwa kuwa zana zinazotokeza mbele huvuta sehemu ya juu ya ubao mbali na ukuta, ilhali sehemu ya chini husukumwa kuelekea ukutani. Tofali likiwa na uwazi ndani, tafuta plagi zinazofunguka nyuma yake, na ukuta ukiwa wa fremu za mbao, skurubu zifuate nguzo zake, ambazo kwa kawaida huachana kwa sentimita 40 au 60. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, maana nyaya hupita hapo.

SWALI: Tangu nitundike zana zangu wazi, zimeanza kushika kutu. Je, nizirudishe sandukuni?

JIBU: Hapana. Kutu huenda kasi unyevunyevu wa hewa unapozidi asilimia 60, na ukuta wa nje wenye ubaridi huongeza tatizo. Fungua ubao wako, weka vipande vya mbao vya milimita 20 nyuma yake, na uache wazi juu na chini ili hewa ipite. Jasho la mkono ni adui mwingine, kwa hiyo futa kila zana kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kabla ya kuirudisha mahali pake. Kama umevika patasi zako ala za ngozi, zivue ukimaliza kuzibeba, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuukalisha palepale penye makali.