Mama ameacha vidonge vya kisukari, anakula ulezi na kunywa karela: je, ni sawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, anaishi Singida, na ana kisukari aina ya pili mwaka wa sita sasa. Alikuwa anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamaidi, na sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa kati ya 7 na 8 (milimoli kwa lita). Miezi miwili iliyopita mjomba alimletea mtaalamu wa tiba asili. Mtaalamu huyo alimwambia aache vidonge kwa sababu vinaua figo, aache mahindi na wali, na badala yake ale ugali wa ulezi na mtama kwa kuwa "havina sukari", anywe uji wa ulezi asubuhi na jioni, pamoja na juisi ya karela (lile tunda chungu lenye vinundu) na mlonge aliyomuuzia chupa tatu kwa shilingi 120,000. Mama anasema anajisikia mwepesi, na amepungua kilo saba. Lakini juzi nilipompima asubuhi, mashine ilisoma 15.4. Mjomba anasema hiyo ni sumu ya vidonge inatoka. Je, vyakula vya asili vinaweza kuchukua nafasi ya vidonge?
— Binti mwenye wasiwasi, Singida

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na lisilosubiri: mama aende kliniki yake kesho asubuhi, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Asijirudishie vidonge mwenyewe, na wala asimeze vingi kwa mkupuo ili kufidia alivyoviacha. Akianza kutapika, akihema kwa pumzi ndefu za haraka, au akiwa na usingizi usio wa kawaida, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Hizo kilo saba si nafuu. Sukari kwenye damu ikishapita takribani 10, figo hazimudu kuirudisha yote, kwa hiyo inatoka na mkojo na kuvuta maji mengi pamoja nayo. Mwili unaoshindwa kutumia sukari hugeukia mafuta na misuli yake wenyewe. Wazee wetu walipoona sisimizi wamejaa pale alipokojoa mgonjwa, walijua kuna ugonjwa, na waliona sawasawa kabisa. Wepesi anaousikia mama ni wa mwili unaojila. Na hakuna sumu ya vidonge inayotoka: metformini huisha mwilini kwa njia ya mkojo ndani ya siku chache, wala haiachi kitu cha kupandisha sukari miezi miwili baadaye. Hiyo 15.4 ni kisukari kisicho na dawa.

Sasa nije kwenye "ulezi hauna sukari". Maneno haya nayasikia kliniki karibu kila siku, tena kutoka kwa watu wasomi, na ndiyo yanayonisumbua kuliko upotoshaji mwingine wote, kwa sababu mgonjwa anayeyaamini anapandisha sukari yake huku akiamini kwa moyo mweupe kwamba anajitibu. Gramu 100 za unga wa ulezi zina karibu gramu 70 za wanga. Mtama ni hivyohivyo, na mahindi hayako mbali. Wanga huo, ukishameng'enywa, unaingia kwenye damu ukiwa glukosi. Damu haiulizi kama glukosi imetoka kwenye ulezi wa Iramba au kwenye mkate wa dukani.

Ulezi ni nafaka nzuri. Una kalsiamu nyingi kupita mahindi kwa mbali, na ukiliwa na maganda yake una nyuzinyuzi za kutosha. Lakini angalia unavyoandaliwa siku hizi. Unapelekwa mashineni, unasagwa mpaka unakuwa laini kama poda, unachemshwa ukawa uji, kisha unanywewa kikombe kizima bila kutafunwa hata kidogo. Kadiri unga unavyosagwa laini na kupikwa sana, ndivyo wanga unavyomeng'enywa haraka. Mama anakunywa uji huo mara mbili kwa siku, na kwa kuwa ameambiwa ni dawa, nina hakika hajipimii. Jambo hili mnaweza kulithibitisha hapo nyumbani. Mpime kabla ya kunywa uji, mpime tena baada ya saa mbili, uandike namba zote mbili, kisha umwonyeshe mjomba.

Togwa ndiyo imewaponza wengi zaidi. Utamu wa togwa ya kienyeji unatokana na kimea: ulezi ukioteshwa, unatoa vimeng'enya vinavyokata wanga wa uji na kuugeuza sukari kabla hujaunywa. Ndiyo maana uji mzito unalegea na kuwa mtamu bila mtu kuweka hata kijiko cha sukari. Ni ufundi mkubwa wa bibi zetu, na ni kinywaji cha kumpa mtoto au mkulima anayetoka shambani. Kwa mgonjwa wa kisukari ni sukari iliyokwisha kuandaliwa. Asali nayo ni hivyohivyo: kijiko kimoja cha chakula kina gramu zipatazo 17 za sukari, zaidi ya kijiko kilekile cha sukari ya mezani, kwa kuwa asali ni nzito.

Watu huniuliza: mbona babu zetu walikula vitu hivyohivyo na hawakuugua? Swali ni la haki. Utafiti uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya juu kwa karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ulezi haukubadilika katikati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni maisha yaliyouzunguka. Yule mwanakijiji alilima kwa jembe la mkono tangu alfajiri, akatembea kwenda kisimani na mnadani, akala nafaka iliyotwangwa kwenye kinu au kusagwa kwa jiwe, ikabaki na chenga na pumba, na tonge lake aliliteremsha kwa bakuli la mboga. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu. Ukichukua unga peke yake kutoka kwenye maisha hayo, ukampa mtu anayeshinda amekaa, umechukua kitu kimoja na kuacha vingine vyote, na ulivyoviacha ndivyo vilivyokuwa vinamlinda.

Kwa hiyo mimi simkatazi mama chakula cha kwao. Namtaka akirudie, tena kikamilifu. Mlenda, majani ya kunde, mchicha na mnafu vijaze nusu ya sahani. Ule utelezi wa mlenda ni aina ya nyuzinyuzi inayochelewesha sukari kufika kwenye damu, na hapo wazee walituachia kitu chenye faida ya kweli. Tahadhari yangu ni magadi: yana sodiamu nyingi, na kama mama ana presha, apekeche mlenda wake bila hayo. Ugali, uwe wa mtama, ulezi, uwele au dona, uwe kiasi cha ngumi yake mwenyewe. Kunde, choroko, mbaazi au dagaa vichukue nafasi iliyobaki. Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage mengi yatamfaa kuliko uji wowote wa unga, kwa sababu punje nzima inatafunwa na inachelewa kumeng'enywa. Akimaliza kula, atembee kidogo kabla ya kukaa.

Kuhusu karela: ni kweli inaweza kushusha sukari, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Nguvu yake haina kipimo. Tunda la leo si sawa na la kesho, na juisi ya chupa hii si sawa na ya chupa ile. Peke yake haikutosha, namba ya mama inaonyesha. Akirudishiwa glibenklamaidi huku akiendelea kuinywa kimyakimya, vyote viwili vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi: atatetemeka, atatokwa na jasho jingi, ataongea maneno yasiyoeleweka, anaweza hata kuzimia. Ikitokea na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime, kisha mwende hospitali. Kwa hiyo juisi aiache, na chupa iliyobaki nenda nayo kliniki. Mwambie daktari waziwazi ameinywa kwa muda gani.

Hadithi ya figo naijua pia. Mtu anaanza vidonge, miaka kumi baadaye figo zinachoka, na ndugu wanasema ni vidonge. Figo huchoshwa na sukari ya juu na presha ya juu, mwaka baada ya mwaka. Daktari hupunguza au husimamisha metformini pale figo zinapokuwa tayari zimedhoofika, kwa kuwa dawa hiyo hutolewa mwilini na figo. Wauzaji wanalichukua jambo hilo na kuligeuza kichwa chini miguu juu. Halafu wanasema vidonge ni "kemikali" na majani ni "asili". Metformini yenyewe chanzo chake ni mmea, Galega officinalis, ambao waganga wa mitishamba wa Ulaya waliutumia kwa karne nyingi. Kemikali iliyomo kwenye mmea ule ilikuwa na sumu, ikatafutwa ndugu yake aliye salama zaidi, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Hapa Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na wanaofanya kazi pale wanajua kwamba kati ya jani na dawa kuna miaka ya kupima kiasi, sumu na matokeo. Mganga wa kweli naye hujua mipaka yake. Huyu wa chupa tatu hakumpima mama sukari hata mara moja, maana ungeniambia.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2011 kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo, mkoani Arusha, kilinywewa kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuwa kinayaponya. Leo "dozi kamili" inauzwa kwa bei ya mbuzi, stendi, mnadani na kwenye simu, na muuzaji anatoa ushuhuda wa mtu aliyeshuka kutoka 20 hadi 6 kwa siku mbili. Wasomaji wangu, jani linalofanya kazi kwa kasi hiyo litieni shaka. Mwaka 2008 huko Singapore, wanaume wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya baada ya kumeza dawa haramu za nguvu za kiume. Zilikuwa zimechanganywa na glibenklamaidi. Saba walipoteza fahamu, wanne wakafariki. Unga usio na lebo unaweza kuwa na kidonge kilekile unachoambiwa ukikimbie, kwa kiasi asichokijua hata aliyekuuzia.

Anayeuza dawa ya kisukari na kukwambia acha vidonge, mwambie mwende pamoja kliniki akaseme maneno hayo mbele ya daktari wako. Muulize pia usajili wake kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana sheria ya mwaka 2002 inamtaka awe nao, ingawa kusajiliwa hakumpi mtu uwezo wa kuponya kisukari. Na kwa mzazi mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza, hapa hakuna cha kujaribu. Kongosho la mtoto huyo halitengenezi insulini ya kumtosha, na kabla ya insulini kuanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, watoto wa aina hiyo walikufa. Akikosa sindano ya insulini, anaweza kufa ndani ya siku chache. Mtu yeyote, awe ndugu, mchungaji, shehe au mganga, akikwambia mtoto aache sindano, usibishane naye. Mpe mtoto sindano yake kwa wakati wake.